Msumari wa Filimbi

Neno lake lilikuwa moja tu: "Mgongo!" Hakutaja jina la mtu. Neno hilo likisikika mjini Garsen, iwe sokoni, kanisani au kwenye foleni ya maji, kila aliyewahi kupitia mikononi mwake alinyooka kabla ya kujua kwamba amenyooka. Nimemwona polisi mzima, bunduki begani, akivuta mabega nyuma mbele ya duka la simu kwa sababu mama mmoja mfupi mwenye kikapu cha ukindu alikuwa amepita nyuma yake na kulitamka. "Shikamoo, Mwalimu," polisi akasema, na bado hajageuka kumtazama.

Shuleni kwetu walimu wengine waliitwa kwa majina yao. Yeye alikuwa Mwalimu, basi. Alitufundisha sayansi darasani na gwaride uwanjani, na sidhani kama kichwani mwake masomo hayo yalikuwa mawili. Alipochora mifupa ubaoni alitusimamisha tuishike yetu. Aliposimama uwanjani na filimbi yake ya chuma alitukumbusha kuwa uti wa mgongo ni vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kwamba mtu anayejikunja anavionea vipande vya mbele. Sikuelewa jambo hilo hadi nilipokuwa mtu mzima na kumwona mwenyewe akijikunja.

Nilimaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani kungoja kazi, na nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikituma maombi ya kazi nawaza kama nimeandika namba yangu sawasawa, nikiangalia nikakuta iko sawa nawaza kama macho yangu yako sawa. Mwalimu alilijua hilo tangu nikiwa mdogo. "Huyu," aliwaambia wageni, "ukimtuma chumvi anakuuliza ya kupikia nini, isije ikazidi." Basi akanifanya mtu wake wa kusoma vikaratasi vya dawa. Alisema mtu mwenye hofu husoma mpaka mwisho.

Alikuwa na shamba la mpunga Idsowe, na alilifikia kwa bodaboda, ameketi wima kama amebebwa kwenye kiti cha harusi. Madereva walimgombania na kumwogopa kwa pamoja.

"Mwalimu, nishike bwana, utaanguka."

"Nikushike umekuwa mti? Endesha. Na huo mgongo wako, unatafuta nini kwenye usukani?"

Akifika shambani alivua viatu, akakunja leso kiunoni, akatembea juu ya matuta akifukuza ndege kwa filimbi ileile ya gwaride. Majirani wa Idsowe walidai ndege wenyewe walikuwa wakiruka kwa mistari.

Lakini nisimfanye mtu wa kauli moja. Maisha yake yote alituhubiria maziwa, dagaa walioliwa na mifupa yao, kunde na mchicha, na yeye mwenyewe maziwa hakuyaweza. Harufu yake tu ilimkunja uso. Alikunywa chai ya rangi, asubuhi na jioni. Hata hivyo kila siku aliyanunua kwa Mama Hawo, rafiki yake mfugaji wa Kiorma aliyekuja mjini na maziwa katika chombo kilichofukizwa moshi, kisha akayagawa kwa watoto wa jirani. Mama Hawo aliumia.

"Mwalimu, wewe nanunua, hapana kunywa. Maziwa yangu nakosa nini?"

"Mimi nilishakua, Mama Hawo. Wape hawa wanaokua."

Na sindano! Siku za chanjo alikuwa akitushika mikono mmoja mmoja, akitufokea tusilie. Yeye akichomwa alifumba macho na kuimba wimbo wa taifa.

Kuanguka kwake kwa kwanza hakukuwa na maana yoyote. Aliteleza kwenye tuta, akaenda magotini, akatanguliza mkono. Mtoto angeinuka akacheka. Yeye mkono ulivunjika kwenye kifundo. Alivaa plasta wiki nyingi, akaitumia kugongea meza alipotaka kusikilizwa, tukalisahau jambo lile. Halafu siku moja aliinua mtungi wa maji, akasikia kitu kimelia ndani ya mgongo, na kwa muda mrefu hakuweza kuketi wala kulala bila kushika ukuta. Alisema ni misuli. Sote tulisema ni misuli.

Kilichomfichua ni msumari. Filimbi yake ilining'inia karibu na mlango, kwenye msumari alioupigilia mwenyewe miaka ya ujana wake, kwa kimo chake. Asubuhi moja nilisikia kelele ng'ambo ya ua.

"Nani amepandisha msumari wangu?"

Nilikimbia. Alikuwa amenyoosha mkono, vidole vinagusa kamba ya filimbi tu. Niliutazama msumari. Kutu yake ilikuwa imechora ukuta chini yake miaka na miaka. Haukuwa umekwenda popote.

"Mwalimu," nilisema, nikamwonyesha ukuta.

Aliangalia ule mstari wa kutu. Nikamwambia nitauhamisha, nitaupigilia chini kidogo, kazi ya dakika moja.

"Usiuguse," alisema. "Nitaufikia." Akavuta kigoda.

Kuanzia hapo nililala vibaya. Niliwaza kigoda kikiteleza, nikawaza mkeka wa mlangoni, kamba ya mbuzi iliyopita uani, ngazi iliyomomonyoka. Nilimsumbua hadi akakubali twende Malindi. Huko daktari alimlaza kwenye mashine ya kupima mifupa, akatueleza kwa upole. Mifupa ya Mwalimu ilikuwa imepungua uzito kutoka ndani, kama mkate uliojaa matundu. Hali hiyo huwapata wengi, hasa wanawake wakishakoma hedhi, na haiumi mpaka siku mfupa unapovunjika. Mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe akavunjika mkono, alisema, hapo ndipo pa kuanza kuuliza. Na ule mgongo haukuwa misuli. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea.

Alimpa vidonge, kimoja kwa wiki. Akimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na asilale wala kujiinamisha nusu saa, kwa sababu kikibaki kooni kinachoma. Akamwambia pia aote jua, atembee, ale vizuri. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama mkaguzi anayesikiliza somo la mwalimu mgeni.

Alichagua Jumatatu, siku ya gwaride. Na hapa ndipo Garsen ilipoingilia kati. Kwetu dawa kali haimezwi kwa maji. Dawa kali huteremshwa na maziwa, yalainishe tumbo. Kila nyumba inalijua hilo, ya mfugaji na ya mkulima.

"Daktari nasema maji," Mama Hawo alicheka, "kwa sababu yeye mtu ya mjini. Hana ng'ombe. Dawa ya mifupa na maziwa, hiyo ndugu na ndugu."

Mwalimu alifikiri. Maziwa ni ya mifupa, dawa ni ya mifupa, hakuona ubaya. Kwa hiyo mwanamke ambaye hakuwahi kuyavumilia akayanywa. Kila Jumatatu Mama Hawo alimletea yaliyokamuliwa mwanzo, yenye povu, akamsimamia. Mwalimu alibana pua, akafumba macho, na nadhani mara nyingine niliusikia wimbo wa taifa. Akimaliza, chombo alikigeuza juu chini kutuonyesha. Watu wa mtaa walikuja kutazama. Nami nilikuwa nimesoma kikaratasi cha dawa hadi mwisho, nikaogopa taya kuoza, paja kuvunjika, macho kuvimba. Katika hofu zangu zote maziwa hayakuwamo; palipoandikwa maji matupu nilipapita upesi, nikitafuta hatari. Niliyaonea fahari.

Tuliporudi Malindi mwaka uliofuata, mifupa ilikuwa imeshuka zaidi. Daktari aligeuza karatasi zake, kisha akauliza, "Mama, hebu niambie unavyokimeza."

"Kwa maziwa," Mwalimu akasema, amenyooka kitini. "Bilauri nzima. Na mimi maziwa siyapendi."

Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa. Akaeleza kuwa madini ya maziwa hukikamata kidonge tumboni kabla hakijaingia mwilini. Maziwa yenyewe ni mazuri, ila saa nyingine. Kwa mwaka mzima Mwalimu alikuwa akinywa maziwa tu.

"Mwaka mzima," alirudia. Nilingoja akasirike. "Mwaka mzima nimebana pua!" Akacheka hadi akashika mgongo, na muuguzi akaja kuona kuna nini. Kabla hatujaondoka daktari alitueleza njia nyingine mbili: sindano ya kila miezi sita, na dripu, dawa inayoingizwa mshipani mara moja kwa mwaka.

Kicheko kiliisha jioni ileile, mtoto wake wa kiume alipopiga simu kutoka Nairobi. Simu ya Mwalimu ilikuwa na sauti ya kusikika hadi kwetu.

"Mama, imetosha. Njoo ukae kwangu. Huko ukianguka nani atakuokota?"

"Niokotwe? Nimekuwa kuni?"

"Sikutanii, mama. Hapa hospitali iko karibu. Kuna sindano ya kila baada ya miezi sita, unachomwa, basi. Chumba chako kiko tayari."

Hapo sikucheka. Mwalimu aliwahi kukaa kwenye nyumba hiyo ya ghorofani. Alirudi akasema kwamba huko ukifungua mlango unakutana na mlango wa mwingine, na kwamba kutwa nzima alikaa kwenye kochi akitazamwa na televisheni. Kwenda Nairobi kulikuwa na maana ya kuuza mpunga, kuiacha Idsowe, kumwacha Mama Hawo. Lakini mwanawe hakusema uongo. Pingili nyingine ikibonyea, au nyonga ikivunjika, asingeinuka tena kama alivyo. Mimi niliziona pande zote mbili waziwazi, na ndiyo shida yangu: siku zote naziona zote mbili.

Kesho yake alituita uani. Alichukua fimbo akachora mistari mitatu mchangani.

"Wewe, msomi, simama hapa. Wewe ni dripu. Mama Hawo, hapo. Wewe ni sindano ya Nairobi. Mimi ni kidonge. Kila mtu ajitetee."

Mama Hawo alipanga shuka yake, akasimama kwa heshima. "Mimi sindano. Nakuja mara mbili kwa mwaka, haraka, naenda zangu. Koo haichomi. Nusu saa hapana simama."

"Vizuri. Na mto wetu ukifurika, barabara ikikatika?"

"Nangoja maji nashuka."

"Msomi, daktari alisema nini juu ya kungoja?"

"Alisema hiyo ndiyo sindano isiyongoja," nilijibu. "Ikichelewa sana, mifupa hulegea upesi, na pingili zinaweza kuvunjika zaidi kuliko mwanzo. Anayeianza asiiache bila kupewa dawa nyingine."

"Mama Hawo, umewahi kuuona mto huu ukimsubiri mtu?"

Mama Hawo aliutazama mstari wake, akautoka mwenyewe. "Huko Nairobi nafaa. Hapa mimi nazama."

Nikabaki mimi. Nilisema dripu huja mara moja kwa mwaka, na tunaweza kuchagua kiangazi, barabara ikiwa kavu. Haipiti kooni. Kisha, kwa vile sijui kumficha mtu, nikasema figo lazima zipimwe kwanza, na baadhi ya watu hupata homa na maumivu ya mwili siku chache.

"Homa ya siku chache naijua, naishi na mbu. Baki kwenye mstari." Akajigeukia mwenyewe. "Mimi kidonge. Nimefanya kazi mwaka mzima nikiwa nimefungwa kamba na maziwa. Hakuna aliyeniona nikiwa huru."

"Mwalimu, taya," nilisema. "Na lile paja."

"Nilimuuliza daktari. Alisema ni nadra sana, na ndiyo maana alinituma kwa daktari wa meno kwanza. Nikang'olewa jino bovu. Alisema pia dawa hii si ya milele, miaka ikipita ataangalia kama nipumzike. Sasa nijibu, msomi wangu. Ni lipi lililo karibu na mimi, hilo la nadra au lile tuta la Idsowe?"

Niliwaza yote mawili.

"Tuta," nilisema.

Tulimpigia daktari, akakubali ajaribu kidonge kwa maji mwaka mwingine, mradi koo lisimsumbue. Halafu Mwalimu akampigia mwanawe, akaweka sharti mwenyewe. Kipimo kikishuka tena, angekubali dripu na angehamia Nairobi bila mabishano. "Na filimbi nakuja nayo," alimwambia. "Waandae majirani wako."

Jumatatu iliyofuata alikunywa bilauri ya maji, akatoka uani, akapuliza filimbi. Daktari alikuwa amesema hata kuketi wima kunatosha. Mwalimu hakuona kwa nini nusu saa ya kuwa wima ipotee kitini. Alitembea kisigino mbele ya kidole juu ya mstari wa mchanga. Alijiinua kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, ameshika nguzo. Alisimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine, mimi nikiwa nyuma yake nimetanua mikono kama mdaka mpira, hadi aliponifukuza. "Ukinilinda hivyo mimi naogopa kwa niaba yako." Mama Hawo alikaa kando na chombo chake kilichofunikwa, amenuna, akingoja nusu saa iishe ndipo rafiki yake anywe. Kwa sababu hilo nalo lilibaki: Mwalimu aliendelea kunywa maziwa, saa yake ikifika. Alisema mwaka mzima wa kubana pua umemzoesha, asiutupe.

Kabla sijaondoka, mkeka wa mlangoni ulikuwa umetolewa, mbuzi amehamishwa upande wa pili, ngazi imetiwa saruji. Kigoda pekee kilibaki chini ya ule msumari. Nilipata kazi Voi. Nilifunga mizigo nikiwaza nani atamtazama akikipanda. Aliniaga kwa neno moja, unalijua.

Mwaka ule wa kujaribu ulipotimia, sikumpigia alipokwenda kupimwa. Niliogopa kujua, nikajiambia namwachia nafasi. Nilipata likizo siku chache baadaye, na Jumatatu asubuhi, hata begi sijalitua, nilivuka kwake.

Uani palikuwa na mstari. Wanawake wa mtaa, leso viunoni, wengine nawajua kwa magoti yao mabovu, walikuwa wakipanda na kushuka kwa vidole vya miguu. Mama Hawo alikuwa wa kwanza, mrefu kama nguzo ya stima. Mbele yao alisimama Mwalimu. Mgongo wake ulikuwa na ule mpindo wake juu, haukuondoka, lakini kichwa alikuwa amekiweka juu yake kama mtu aliyebeba maji na hataki yamwagike. Hakunisalimia. Alininyooshea kidole mahali pa kusimama, nyuma.

Nyuma kulikuwa na mwanamume mnene mwenye shati la ofisini na viatu vilivyojaa vumbi, akihema. Nilimtambua kwa picha iliyokuwa sebuleni. Ni mwanawe. Kando ya nyumba gari lake lilikuwa limefunguliwa nyuma, na ndani palikuwa na magunia. Nikapanda kwa vidole, nikashuka, nikawaza vitanda, masufuria, mabati, nani atalima Idsowe.

"Unahamisha lini?" nilimnong'oneza.

"Nihamishe nini?"

"Vitu vyake."

Alifuta jasho. "Nilikuja na gari tupu kwa ajili hiyo. Nikampeleka Malindi mwenyewe, nione kwa macho yangu." Akashuka kwa visigino, akapanda tena kwa shida. "Mifupa haijashuka. Imepanda kidogo. Sasa huo ni mchele wake, anataka niwapelekee majirani zangu."

"Huko nyuma!" Mwalimu alifoka. "Mnaongea?"

Tukapanda tena kwa vidole. Filimbi ilipolia ya mwisho, Mama Hawo alifunua chombo chake na wanawake wakacheka wakishika viuno. Mwalimu alivua filimbi shingoni akampa mwanawe. "Itundike."

Mtu mzima yule aliingia mlangoni, akanyoosha mkono juu, mahali ambapo filimbi ilikuwa tangu utoto wake. Mkono ukapapasa ukuta. Juu palikuwa na tundu tu, na ule mstari mrefu wa kutu ukiteremka kutoka kwake. Nilitafuta kigoda. Kilikuwa uani, kimebeba bilauri.

"Chini hapo," Mwalimu alisema nyuma yetu. "Nimeung'oa ule wa zamani, nikapigilia mwingine mwenyewe. Nyumba ni yangu, nafikia mimi."

Mwanawe aliinama kuuangalia ule msumari mpya, unaong'aa, uliopigiliwa sawasawa na kimo cha mama yake.

"Mgongo!" alisema Mwalimu, na sote wawili tukanyooka.